Pole na Mzigo: Pumziko la Wapagazi katika Historia ya Kasongo na Kabambare

Ndugu msomaji, kwetu Kasongo na Kabambare mtu akifika nyumbani ametoka njiani na mzigo, haulizwi habari palepale. Kwanza anapokewa mzigo. Anaambiwa: "Pole na njia, pole na mzigo, keti kwanza." Anapewa kiti au mkeka kivulini, anapewa maji. Habari za alikotoka, bei za sokoni, nani amekufa na nani amezaa, zote zinangoja. Mtoto akikimbia kuuliza, "Baba, umeniletea nini?", mama yake humvuta mkono: acha kwanza baba apumue.

Vijana wengi wanadhani hiyo ni adabu tu, sawa na kusalimia kwa mikono miwili. Adabu ndiyo, lakini ni zaidi ya adabu. Ni sheria ya watu waliobeba. Wazee wetu waliishi kwenye njia kubwa ya misafara, wakaona kwa macho yao kwamba mzigo peke yake hauui sana. Kinachoua ni kukosa pumziko baada ya mzigo. Ukisoma historia ya nchi yetu kwa jicho hilo, utaona kila zama swali lilikuwa lile lile: nani ana haki ya kupumzika, na nani hana?

1. Njia na mzigo wake

Kabla ya treni na kabla ya lori, kila kitu huku kilitembea juu ya vichwa na mabega ya watu. Wanyama wa mizigo hawakudumu, maana mbung'o waliwamaliza. Njia ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kutoka Kasongo mpaka baharini kwa miguu ni zaidi ya kilomita 1,500. Kutoka Kabambare mpaka Kasongo peke yake ni zaidi ya kilomita 100, na hapo katikati kuna mito, vilima na msitu.

Katikati ya miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo. Mji ukakua, mashamba ya mpunga yakaenea, Kiswahili kikashika mizizi. Tunajivunia mpunga na lugha, na ni haki yetu. Lakini mji ule ulisimama juu ya pembe za ndovu, na pembe hazina miguu. Kila pembe iliyofika Unguja ilikuwa na mtu chini yake.

Mzigo ulikuwa na kipimo. Watu wa pwani walipima kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hapo hujahesabu vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, kibuyu cha maji, silaha, na posho yake. Ukijumlisha, mtu alikuwa na kilo 40 mwilini, siku baada ya siku, kwa miezi. Na posho yenyewe? Kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Kwa hesabu ya leo hiyo ni kalori kama 2,500, wakati mtu anayefanya kazi ya namna ile anahitaji 4,000 au hata zaidi. Basi mwili ulikuwa unajila wenyewe polepole. Wazee wana neno lao: mwili haujengwi kwa mbao.

2. Kushindana kwa nguvu

Usifikiri wapagazi wote walikuwa watu wa kulia tu njia nzima. Kulikuwa na wapagazi wa kujiajiri, Wanyamwezi kwanza, kisha Waswahili wa pwani, na baadaye watu wa kwetu pia. Hao walikuwa na majivuno yao. Kwa Wanyamwezi, kijana aliyekuwa hajafika pwani na mzigo alihesabiwa bado mtoto. Ndiyo maana Waswahili wanasema mpaka leo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi.

Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia ya pwani mpaka Ujiji mwaka 1857 na 1858, aliandika namna msafara ulivyojipanga. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa mapambo yake. Nyuma yake tu walifuata wabeba pembe, maana hao ndio waliokuwa mashujaa. Pembe nzito ilimtafuta mtu mwenye nguvu, na mtu mwenye nguvu aliitafuta pembe nzito. Nyingine zilifungwa kengele kwenye ncha, watu wasikie kwamba shujaa anapita. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilitundikwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, na mzigo wa namna hiyo waliuita mzigaziga. Watu hawakuupenda: ukienda haraka mwenzako anakwama, ukienda polepole bega linakatika.

Wakikaribia kambi mwendo uliongezeka. Waliingia kwa kukimbia na kusukumana, kila mmoja anataka mahali pazuri pa kujenga kibanda. Huo ndio ulikuwa mchezo wao wa nguvu. Haukuwa na zawadi wala mwamuzi, ila kila mtu alijua nani hakushusha mzigo njiani na nani aliomba kusaidiwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalisemi. Wale mashujaa waliokimbia na pembe ndio waliokuwa wakali zaidi kwa habari ya kupumzika. Walianza safari alfajiri, na kabla ya jua kuwa kali sana walikuwa wameshusha. Mwendo wa mchana waliuita tirikeza, na haukufanywa ila kwa sababu: mahali pasipo maji, watu wanapika na kunywa asubuhi, wanatembea jioni, wanalala bila maji, na kesho yake mapema wanafika kisimani. Baada ya tirikeza walidai kupumzika. Baada ya siku chache za mwendo walidai siku nzima ya kukaa. Mkubwa wa msafara akikataa, asubuhi alikuta mizigo iko chini na wenyewe hawapo. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yao ya pili, nguvu ya kukataa. Bila hiyo ya pili, ile ya kwanza ingewaua.

Kwa hiyo ule msemo wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi umekatwa nusu. Nusu ya pili ingekuwa: na akishautua, mwachie siku yake.

3. Siku 80 katika kibanda cha Kabambare

Katika vitabu vya wazungu wa zamani mji wa Kabambare unaitwa Bambarre. David Livingstone alifika pale tarehe 21 Septemba 1869, akifuatana na watu wa mfanyabiashara Muhamad Bogharib. Mwaka uliofuata alijaribu kwenda kaskazini kuutafuta Lualaba. Mvua, tope na msitu vikamshinda. Tarehe 22 Julai 1870 akarudi Kabambare, miguu imeoza kwa vidonda. Akiikanyaga chini, damu na maji vinatoka.

Alikaa ndani ya kibanda siku 80. Alitoka nje tarehe 10 Oktoba 1870. Katika Manyema nzima alisoma Biblia yake mara nne kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndiyo ujue muda ulikuwa mwingi kiasi gani. Dawa zake zilikuwa zimekwisha. Kilichomfaa mwishowe, kwa maneno yake mwenyewe, ni jiwe la kijani la shaba, malakiti, lililosagwa na maji juu ya jiwe lingine na kupakwa kidondani kwa unyoya. Leo tunajua kwamba shaba huua vijidudu, basi inawezekana ilimsaidia kweli. Lakini dawa kubwa ilikuwa ile miguu kutokanyaga chini siku 80.

Sasa, ndugu msomaji, Livingstone aliandika jambo lingine pale pale Kabambare, na ndilo linalotuhusu zaidi. Alisema vidonda vile vilikuwa ugonjwa wa kawaida wa watumwa, na viliwaua wengi. Kilio cha watu wenye vidonda usiku, anasema, kilikuwa mojawapo ya sauti za kambi ya watumwa. Aliandika pia juu ya watu huru waliokamatwa na kufungwa, wenye nguvu na wasio na ugonjwa unaoonekana. Walipoona Lualaba imebaki nyuma yao walivunjika moyo, wakaonyesha kifua kwamba hapo ndipo panauma, wakafa.

Ona basi: mji ni mmoja, mvua ni moja, vidonda ni vile vile. Mmoja alikuwa na kibanda, na marafiki, na siku 80. Akapona, akaondoka Februari 1871 akaelekea Nyangwe. Wengine walikuwa na mnyororo na safari ya kesho asubuhi. Majina yao hayakuandikwa. Na kidonda cha mguu si ugonjwa wa ajabu: ni ngozi iliyokatwa, ikaingiwa na uchafu, ikakosa kupumzishwa.

Tippu Tip mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, hakuficha kwamba siku za mwanzo wapagazi walipomkimbia alikwenda kuwakamata watu na kuwafunga. Kati ya mpagazi wa kujiajiri na mtu wa mnyororo tofauti haikuwa uzito wa mzigo. Mzigo ungeweza kuwa ule ule, kilo 32. Tofauti ni kwamba mmoja aliweza kusema "leo nimechoka", mwingine hakuweza.

4. Dola ikaja, mizigo ikabaki

Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Francis Dhanis, yaliingia Kasongo. Januari 1894 Lothaire akaichukua Kabambare. Waliambiwa watu kwamba utumwa umekwisha. Soko la watumwa lilifungwa, hilo ni kweli. Lakini vituo vya serikali vilihitaji chakula, bunduki, vitambaa na divai ya wakubwa, na vyote hivyo vilihitaji vichwa. Njia ya Kasongo, Kabambare mpaka ziwa Tanganyika ikabaki njia ya mizigo kama zamani, ila sasa kijiji ndicho kilichodaiwa wapagazi. Chifu aliambiwa: leta watu kadhaa. Asipoleta, anafungwa yeye.

Hapo ndipo ile nguvu ya pili ya wapagazi ilipovunjika. Mtu wa kukamatwa hachagui siku ya kupumzika. Hakuna majivuno ya kengele wala pembe. Watu wakahama kando ya njia, wakajenga msituni, wasionekane. Mara nyingi kijiji kilichokuwa karibu na barabara kilikuwa kijiji cha wazee na wagonjwa.

Treni ilipunguza sehemu ya taabu. Reli kutoka Kindu mpaka Kongolo ilimalizika mwishoni mwa 1910, na ile ya Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilifika ziwani mwaka 1915. Lakini reli haikupita Kabambare, na Kasongo yenyewe iko ng'ambo ya pili ya mto. Ili mzigo ufike kwenye treni, ulibebwa bado.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Jeshi la Kongo lilipigana na Wajerumani upande wa mashariki, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Tunasimuliwa sana habari za askari. Wapagazi waliotumika katika vita hiyo upande wa Wabelgiji walifika kama 260,000, wengi mno kuliko askari wenyewe. Walitembea kwenye baridi ya milimani ambayo watu wa nchi ya joto hawakuizoea, wakala vyakula ambavyo matumbo yao hayakuvijua, wakalala kwenye mvua. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa mapafu, na kwa uchovu. Ni njia ile ile ya babu zao, Ujiji na Tabora, na mzigo ule ule, ila pumziko halikuwamo katika hesabu ya wakubwa.

5. Elimu ya kukanda

Basi wazee walijifunza nini kutokana na haya yote? Walijifunza utaratibu. Nao haukuandikwa popote. Umekaa mikononi mwa mama zetu.

Kwanza kivuli na maji, maji kidogo kidogo, si kibuyu kizima kwa mkupuo. Kisha kitu chenye chumvi. Kisha uji, wa mchele au wa muhogo, maana mwili uliochoka sana haupokei chakula kizito mara moja. Jioni ndipo wali na samaki wa Lualaba, au sombe yenye mawese na karanga. Maji ya moto na kitambaa: mtu anakandwa mgongo, mabega, mapaja na miguu. Kisha mafuta, mkono ukipita polepole kutoka chini kwenda juu. Kisha usingizi, na asubuhi yake hakuna wa kumwamsha. Siku ya pili hachukui mzigo, lakini halali mchana kutwa: anatembea kidogo, anasalimia majirani, anashika kazi nyepesi. Siku ya tatu ndiyo ya kupimwa. Akiweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta, amerudi.

Wale waliosoma udaktari wa michezo wanatuambia nini leo? Karibu hayo hayo. Mashindano makubwa ya kumtafuta mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani yalianza Marekani mwaka 1977. Watu wanabeba mawe, wanavuta malori, wanakimbia na mizigo mizito mabegani. Kwa shindano la siku chache wanajitayarisha mwaka mzima, na wakimaliza wana watu wa kuwakanda, chakula cha kutosha na siku nyingi za kulala. Elimu iliyotoka kwa watu wa namna hiyo inasema hivi: baada ya kazi ya kupita kiasi, nyuzi ndogo ndogo za msuli huchanika, hasa mtu akiteremka mlima na mzigo. Maumivu hayafiki kilele siku ile ile. Yanafika kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ndiyo maana mpagazi anaweza kuingia kijijini akicheka, na kesho kutwa asiweze kukaa chini. Nguvu iliyohifadhiwa ndani ya msuli hurudi kwa chakula cha wanga, na inachukua siku moja mpaka mbili kujaa. Nyuzi zilizochanika hushonwa upya kwa chakula cha kujenga mwili, yaani samaki, maharage, karanga, na kazi hiyo ya kushona inafanyika zaidi usingizini. Maji bila chumvi, yakiwa mengi mno, yanaweza kuharibu damu. Na kutembea kidogo siku ya pili kunasaidia kuliko kulala kama gogo.

Iko hatari moja ambayo kila nyumba inapaswa kuijua. Mtu akishabeba kupita kiasi, hasa kwenye jua na bila maji, kisha akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa au chai nyeusi, huyo si wa kukandwa. Msuli umevunjika sana, uchafu wake umeingia kwenye damu na unaziba figo. Apelekwe hospitali siku ile ile. Vilevile mahali palipovimba ghafla au mfupa unaodhaniwa kuvunjika, hapakandwi kwa moto wala kwa nguvu.

Na tuseme ukweli mwingine. Elimu hii ya kukanda iko kwa wanawake kwa sababu wao ndio wanaomkanda mzazi akishajifungua. Mikono inayomrudisha mzazi katika nguvu zake ndiyo iliyomrudisha mpagazi. Lakini mama mwenyewe akitoka shambani jioni, kichwani mihogo, mgongoni mtoto, mkononi jembe, nani anampokea mzigo? Anaufikisha, anautua mwenyewe, anaingia jikoni kuwasha moto. Yeye tumemweka kundi gani: la wenye kengele, au la wasio na haki ya kusema nimechoka?

6. Velo na kidonge

Tungesema hizo ni habari za zamani kama historia isingerudi. Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilisimamisha treni ya Kindu kwa miaka. Malori yakakoma, madaraja yakaoza. Chumvi, sabuni, vitambaa na dawa vikaadimika. Waliotulisha ni vijana wa velo. Hawakuzipanda: walizisukuma. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, na katikati mabidoni ya mawese, magunia ya mchele, kilo 100 na zaidi. Kupanda mlima wanasukuma, kuteremka wanavuta nyuma kwa mwili wote ili mzigo usiwakimbie. Treni ilirudi baada ya vita, lakini mpaka leo pande nyingi za Kasongo na Kabambare velo ndiyo lori la maskini, na kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Namoya na Salamabila watu bado wanabeba mawe na udongo kwa mgongo.

Hao ni warithi wa wabeba pembe. Wana majivuno yale yale: nani alipanda mlima bila kusimama, nani alipakia bidoni moja zaidi ya wenzake. Lakini wengi hawana ile nguvu ya pili. Velo ni ya kukopa, mzigo ni wa tajiri, siku ya kupumzika haina malipo. Basi kijana ananunua vidonge vya maumivu sokoni, anameza viwili vitatu, kesho anarudi njiani. Maumivu yanakaa kimya, msuli unaendelea kuchanika. Vidonge vingi vya namna hiyo, mtu akiwa amekauka maji, vinazichosha figo zile zile zilizokwisha kuelemewa. Kidonge kimefanya kazi ya mnyapara: kinamwambia mtu "inuka, twende", na kinamwambia kutoka ndani.

Kwa hiyo tunapoandika juu ya mila ya kumpokea mtu mzigo na kumwambia "keti kwanza", hatuandiki ili tupambe kitabu. Tunaomba irudi mahali ilipopotea. Mwenye mali anayengoja mzigo Kasongo aihesabu siku ya kupumzika ndani ya bei, kama wakubwa wa misafara walivyolazimishwa na wapagazi wao. Vijiji vya njiani viweke kivuli na maji penye mlima mkali. Vijana wa velo wakubaliane wenyewe kwamba asiyepumzika si shujaa, ni mtu aliyejiweka utumwani. Na sisi wanaume, jioni, tumwonapo mama anatoka shambani, tusimame, tumtue mzigo, tumpe kiti na maji, na moto tuuwashe wenyewe.

Wamanyema wengi walioondoka na pembe hawakurudi. Wajukuu wao wako Ujiji, Tabora, mpaka Dar es Salaam, na bado wanaitwa Wamanyema. Wengine walibaki kando ya njia hii yetu, bila kaburi. Kuwakumbuka hakuhitaji sanamu. Kila mara tunapopokea mzigo wa mtu na kumwambia "pole, keti kwanza", tunampa huyo aliye mbele yetu kile ambacho wao hawakupewa.